Ile Folda Niliyoiita Pumba

Kwenye paa la duka la jirani yangu pale Mpanda mjini kuna sehemu bati limebonyea. Aliyelibonyeza ni mimi. Oktoba ile nilipanda juu ya paa hilo karibu kila siku, jua likiwa utosini, kuhamisha simu iliyokuwa inanipa mtandao. Leo niliiweka kona ya stesheni, kesho kona ya soko, keshokutwa katikati, kwenye kibonde ambacho goti langu lilikuwa limeshakitengeneza. Chini, kwenye kibanda changu cha ufundi simu, kompyuta ilikuwa inapakua kitu kikubwa kuliko chochote nilichowahi kupakua maishani. Mtandao ukikatika nilipanda. Ukirudi nilishuka. Usipokatika pia nilipanda, kuangalia kwa nini haujakatika.

Mwenye duka anauza vitenge. Baba yake Mmanyema, mama yake Mnyamwezi, na yeye ni mtu wa swala tano na utani usiokwisha. Alikuwa anakaa mlangoni na kikombe cha kahawa akinitazama ninavyogombana na ngazi.

"Fundi," aliniambia siku moja, "unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Taga basi, tulione hilo yai."

"Mwenda bure si mkaa bure, mzee wangu," nikamjibu kutoka juu.

"Huenda akaokota, ndiyo. Ila wewe unaokotea kwenye bati langu."

Nilicheka, lakini raha sikuwa nayo. Roho ilikuwa juu tangu dada yangu aliponipigia simu.

Dada ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Ameolewa Mwese, kule vilimani, kwenye familia ambayo wazee wao walitoka Burundi na sasa wana kadi za kupigia kura kama mimi. Ni mhudumu wa afya wa kijiji. Kazi yake ni miguu: nyumba hadi nyumba, kilima hadi kilima, kuwaandikisha wajawazito na kuwakumbusha kliniki. Yeye na wenzake watano waliwahi kupewa simu na mradi mmoja, simu sita za aina moja, na ndani yake programu ya kuwafuatilia kina mama. Mama akiingizwa humo na programu ikaona hatari, habari zake zinafika mjini na gari la wagonjwa linapangwa kwenda kumchukua. Mradi ukaisha. Simu zikabaki. Programu ikachukuliwa na watu wengine, wakaiboresha, na siku moja ikagoma kufunguka kwenye simu za Mwese. Mfumo wa simu hizo ulikuwa wa zamani mno, na kiwanda kilichozitengeneza kilikuwa kimeshazisahau.

"Mdogo wangu," dada aliniambia, "nimezituma zote sita na bodaboda, jioni unazo. Zinawaka vizuri, ila ile programu haifunguki. Zitengeneze."

"Nitaziangalia."

"Usiziangalie. Zitengeneze. Kuna binti hapa jirani, mimba yake ya kwanza. Sina amani naye."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi kitu, ndiyo maana wananicheka. Lakini mvua zisimkute huku. Nataka gari limshushe mjini kabla barabara haijakatika, na gari haliji bila ile orodha ya kwenye simu."

"Si apande bodaboda?"

"Huyo hapandi bodaboda," akasema, kisha akaniuliza habari za mama na mazungumzo yakahamia huko. Mimi sikuuliza zaidi. Nilikuwa na simu ya mteja mkononi na bisibisi mdomoni.

Nieleze kidogo, kwa wale ambao simu kwao ni simu tu. Kila simu ina mfumo unaoiendesha. Simu ikizeeka kiwanda kinaacha kuitolea mfumo mpya, na hapo watu wengi huitupa. Lakini kuna mfumo ambao wenyewe wameuacha wazi. Mtu yeyote, hata fundi wa Mpanda, anaruhusiwa kuchukua msimbo wake, yaani yale maandishi yote ambayo watu waliyaandika ili simu ifanye kazi, akayarekebisha, akajenga mfumo unaofaa simu aliyonayo. Mimi nimezaliwa Usevya, nimekulia kwenye majaruba ya mpunga, kwa hiyo nilijieleza kwa lugha ya nyumbani. Mfumo uliokwisha kujengwa ni mchele: unapika, unakula, basi. Msimbo ni mpunga. Huo ukiumwaga shambani unaota.

Ubaya wa mpunga ni uzito. Msimbo wote, kama walivyoupanga wenyewe, ulizidi giga mia mbili. Hiyo ni lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka linashonewa kofia ya kamba juu. Bando langu halikufika hata sado, lile kopo la kupimia nafaka.

Nilianza kwa pupa, kama ninavyoanza kila kitu. Niliamuru kompyuta ichukue vyote. Msimbo ule umegawanywa katika mamia ya vipande, vingine vidogo kama picha moja, vingine vikubwa vya kutisha. Kipande kikikatika katikati hakiendelei pale kilipoishia, kinaanza upya. Kipande kimoja kikubwa kilifika tisini katika mia, mtandao ukaenda zake, kikarudi sifuri. Nikakianza tena, kikafika sabini, kikarudi sifuri. Mara ya tatu nilivua ndala nikaitupa ukutani, ikaangukia ndani ya beseni la mama anayeuza ndizi mbele ya kibanda. Nilikwenda kuomba radhi na nikanunua ndizi ambazo sikuzitaka.

Siku ya nne niliamua kutumia akili badala ya ndala. Nikaichukua ile orodha ya vipande nikaanza kuipunguza. Kulikuwa na vipande vya mfumo wa televisheni, futa. Vya saa ya mkononi, futa. Vya magari, futa, magari ya Mpanda hata redio hayana. Vifaa vya kompyuta za aina ambayo sijawahi hata kuigusa, futa. Nilifanya kazi hiyo nimesimama, nimeegemea kaunta, na nikiri kwamba niliifurahia. Kufuta kunanipa raha ambayo kusubiri hakujawahi kunipa. Jioni lile gunia lilikuwa limetoka kofia, ila bado lilikuwa gunia, na mimi bado nilikuwa na simu moja juu ya bati.

Ndipo nikamkumbuka rafiki yangu wa Tabora. Tulisoma naye chuo. Sasa anafundisha kompyuta kwenye shule yenye mtandao mzuri. Kompyuta zao hazikuwa na nguvu ya kujenga mfumo, hiyo kazi ilihitaji mashine yangu ya mezani niliyoiunga kwa vipande vya mashine nne, lakini kupakua wangeweza. Nikamtumia orodha yangu iliyopunguzwa. Baada ya siku mbili akapiga.

"Kaka, mzigo wako umeshuka wote. Shida ni diski, haitoshi. Kuna folda moja imejificha, hiyo peke yake inazidi nusu ya mzigo."

"Ina nini?"

"Historia. Kila badiliko tangu walipoanza. Nani alifuta nini, lini, kwa sababu gani, na kile alichofuta chenyewe."

Nikahisi damu inachemka. Mvua ziko mlangoni, dada anasubiri, halafu nibebe takataka za watu walizofuta wenyewe?

"Hiyo ni pumba," nikamwambia. "Ikoboe."

"Una uhakika? Wiki ijayo naweza kupata diski kubwa."

"Wiki ijayo Mwese hakupitiki. Ikoboe, nimeshasema."

Akaikoboa. Diski akaifunga kwenye fulana na kumpa mama mmoja wa biashara ya asali aliyekuwa anakuja Mpanda kwa treni. Siku hiyo nilifika stesheni mapema mno. Nilitembea kutoka mwanzo wa jukwaa hadi mwisho, nikageuka, nikatembea tena. Askari wa pale aliniuliza kama nimepoteza kitu. Treni ilichelewa, na kila nilipoambiwa bado nilikwenda kuhakikisha relini, kana kwamba macho yangu yangeivuta. Ilipoingia, yule mama alishuka na madumu yake, akachomoa furushi kutoka katikati ya vitenge, akanipa. "Shika jiwe lako," akasema. Nikakimbia nalo.

Kuujenga mfumo kulichukua siku mbili na nusu. Mashine ilivuma, kibanda kikawa na joto la tanuri, wateja wakawa wanaacha simu mlangoni na kukimbia. Mwenye duka la vitenge aliniletea feni yake bila kuombwa, akasema anaogopa moto usihamie kwake. Siku ya tatu mchana mfumo ukakamilika. Nikauweka kwenye simu moja kati ya zile sita. Kompyuta ilinionya kwamba kila kilichomo kwenye simu kitafutika, kama inavyoonya siku zote, nikabonyeza ndiyo. Simu ikawaka. Kioo kikaitika. Programu ya dada ikafunguka! Nilipiga kelele mpaka mama wa ndizi akachungulia. Nikazichukua na zile tano, nikazibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Kisha nikaweka laini, na simu haikuiona. Nikaweka laini nyingine. Kimya. Simu zote sita hazikuwa na mtandao, na simu isiyo na mtandao ni tochi.

Nilitumia mchana mzima kusoma majadiliano ya wale wanaoutunza mfumo huo, nikaona kilichotokea. Sehemu inayoiwezesha aina ile ya simu kuongea na minara ilikuwa imeondolewa kwenye toleo jipya. Mtu mmoja huko aliko alikuwa ameandika sababu kwa mstari mmoja: hakuna anayeitumia tena. Nilipiga kaunta kwa kiganja mpaka bisibisi zikaruka. Hakuna anayeitumia? Watu sita wa Mwese wanaitumia! Maandishi yenyewe hayakuwa yamepotea. Yalikuwepo, salama kabisa, kwenye historia. Na historia ilikuwa kwenye ile folda.

Nikampigia rafiki yangu wa Tabora.

"Nimeshafuta, kaka," akasema kwa upole. "Wanafunzi wana mitihani, walihitaji nafasi. Na wewe uliniambia ni pumba."

Hiyo ilikuwa mara ya pili maishani mwangu kukoboa mbegu. Ya kwanza ilikuwa mwaka niliomaliza chuo. Nilirudi Usevya nikiwa na nguvu na ujuaji wa mtu aliyetoka mjini, nikamkuta mama ana magunia yamekaa tu, nikaona huu ni uzembe. Mama alipokwenda msibani nilikodi mkokoteni, nikapeleka magunia yote kwenye mashine ya kukoboa, hata lile dogo lililokuwa limewekwa peke yake juu ya dari, juu ya moshi. Mama aliporudi alikuta mchele mweupe unang'aa na mwanawe anasubiri sifa. Aliutazama, akaingiza mkono kwenye kale kagunia kadogo, akauacha mchele umwagike kati ya vidole.

"Hii ilikuwa mbegu," akasema.

"Si mpunga ni mpunga tu, mama?"

"Mpunga ni mpunga. Huu sasa ni ubwabwa." Wala hakupandisha sauti. Ningependa angenitukana. Tulikula mbegu ile wiki nzima.

Lakini kilichofuata ndicho nilichokikumbuka siku ile nimekaa, au tuseme nimesimama, mbele ya simu sita zisizosikia. Mama hakwenda kutafuta magunia. Alikwenda kwa jirani ambaye yeye mama aliwahi kumgawia mbegu yake miaka ya nyuma, akarudi na debe moja. Nikamwambia debe moja halitoshi shamba. Akanijibu kwamba hapandi shamba, anapanda mbegu. Tulimwaga lile debe kwenye jaruba moja dogo, na mwaka uliofuata mbegu yake ilikuwa imerudi.

Kwa hiyo nikaacha kuwaza giga mia mbili. Nikatafuta kile kipande kimoja tu kinachohusu minara, nikaiambia kompyuta inipe historia ya hicho peke yake, tena si yote. Nipe mabadiliko hamsini ya nyuma. Nikatazama, hamna. Nipe hamsini mengine. Hamna. Nikapanda kwenye bati, nikahamisha simu, nikashuka. Hamsini tena. Mara ya saba yakatokea yale maandishi, mazima, na chini yake maelezo ya mtu aliyeyaandika mwanzoni, akiwaomba wenzake wasiyaguse kwa sababu simu hizi zinatumika sana vijijini. Yote niliyoyashusha siku hiyo hayakuzidi nyimbo chache za mteja anayejaziwa kadi ya kumbukumbu. Nilicheka peke yangu kwa hasira.

Siku mbili baadaye simu sita zilikuwa zinaita. Nilizifunga kwenye begi, nikamkabidhi jirani funguo za kibanda, nikapanda bodaboda kwenda Mwese. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya vilima, na upepo ulikuwa na ile harufu ya udongo. Nilimhimiza dereva mpaka akasimamisha pikipiki na kuniuliza kama nataka kuendesha mimi.

Dada alinipokea mlangoni, amekonda kuliko nilivyomwacha. Binti mmoja wa jirani, tumbo limeshuka, alikuja na maji ya kunawa, akapiga goti kwa shida kunimiminia. Nikamwambia asipige goti. Akatabasamu, akapiga. Alipoondoka dada akamsindikiza kwa macho.

"Ndiye huyo," akasema. "Miezi minane."

Nikamfungulia simu yake. Programu ikawaka, rangi zote, haraka kuliko ilipokuwa mpya. Dada akapiga makofi kama mtoto, akaishika, akaanza kupitisha kidole. Akapitisha juu, akapitisha chini.

"Na wale wa zamani wako wapi?"

"Wa zamani gani?"

"Kina mama wangu. Miaka mitatu. Walikuwa humu."

Nilielewa kabla hajamaliza. Kompyuta ya mradi iliyokuwa inapokea zile habari ilizimwa mradi ulipoisha. Zilikuwa zimebaki ndani ya simu tu. Na mimi nilibonyeza ndiyo mara sita.

"Nimezifuta," nikasema. "Sikuuliza."

Sijawahi kuona aibu kama ile, hata kwenye mchele wa mama. Dada aliiweka simu mapajani. Mimi nikaanza kuongea haraka: si neno, tumwingize huyu binti kwanza, gari liitwe, hayo mengine baadaye. Tukamwingiza. Umri, miezi, vipimo, mimba ya kwanza, hana ugonjwa. Programu ikafikiri kidogo, ikatoa rangi ya kijani, yaani hana hatari. Aende kituo cha karibu siku zikifika.

"Kijani," dada akasema.

"Bonyeza tu kwamba anatoka damu. Nani atajua?"

"Gari likija likakuta nimedanganya, mara ya pili haliji." Akasimama, akaingia chumbani. Akarudi na daftari.

Nalijua daftari lile. Kubwa, gamba gumu, limefungwa kwenye mfuko wa sukari. Nimemcheka nalo mara nyingi. Mtu ana simu janja halafu anabeba lidaftari lenye uzito wa tofali kwenye milima yote hiyo. Kila alichokiandika kwenye simu, alikuwa amekiandika na humo.

"Kaa," akasema. "Mimi nasoma, wewe unaingiza."

Nikakaa kwenye kigoda. Akaanza ukurasa wa kwanza. Alikuwa anasoma taratibu, kidole kikifuata mstari: umri, kijiji, mimba ya ngapi, alijifungulia wapi, yeye na mtoto wakoje. Nilipofika wa kumi miguu ilikuwa inanicheza.

"Dada, hawa waliohama tuwaruke. Na huyu anaishi Kigoma, wa nini?"

"Andika."

Tukaendelea. Kisha akasoma mmoja, miaka ishirini na mitatu, mimba ya kwanza, afya nzuri, na hapo sauti yake ikapungua. Alifariki. Njiani.

"Huyu basi," nikasema, "huyu hayupo kabisa. Tumruke huyu."

Dada aliweka kidole kwenye mstari na kukiacha hapo.

"Alianza kutoka damu asubuhi. Gari halikuwepo. Tulimweka kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Kabla ya mto nikasikia amekuwa mzito. Dereva akaniuliza tuendelee? Nikamwambia endelea. Nilijua, lakini nilimwambia endelea." Akafuta macho kwa kiganja. "Nilikwambia wakati ule. Kwenye simu."

Huenda aliniambia. Huenda nilikuwa na bisibisi mdomoni.

"Yule aliyekunawisha ni mdogo wake," dada akasema. "Tumbo moja, baba mmoja. Andika, mdogo wangu."

Nikaandika. Umri, kijiji, mimba ya kwanza, damu, njiani. Programu ikauliza kama mama huyu ana ndugu wa damu kwenye orodha. Nikaligusa jina la yule binti. Ikafikiri kidogo, na ile kijani ya mwanzo ikageuka nyekundu mbele ya macho yetu.

Dada hakupiga makofi. Alichukua simu akakimbia nayo kanisani, mahali ambapo mtandao unashika, na mimi nikakimbia nyuma yake, nikiogopa simu hiyo isiuone mnara hata sasa. Ikauona. Habari zikaondoka.

Gari lilikuja kesho yake asubuhi. Binti alipanda na kanga zake kwenye ndoo, mumewe kando yake, akiwa na uso wa mtu asiyejua kama afurahi au aogope. Shemeji, mume wa dada, akalifuata gari kwa pikipiki ili alione mpaka limepita mtoni. Mimi nilitaka kwenda naye. Nilikuwa nimeshashika kofia.

"Wewe hujamaliza," dada akasema, akafungua daftari.

Nikarudi kwenye kigoda. Ukurasa baada ya ukurasa, waliopo, waliohama, waliokufa, na watoto wao. Saa saba hivi giza likaingia mchana, upepo ukapiga mlango, na mvua ya kwanza ikaangukia bati kwa kishindo hata dada akawa anasoma kwa kupaza sauti. Baada ya muda shemeji akaingia, nguo zimemganda mwilini, anatiririka maji.

"Wamevuka," akasema. "Mto umejaa nyuma yao."

Dada alifumba macho. Kisha akafunua ukurasa.

"Anayefuata," akasema. Alikuwa mwanamke aliyehama miaka miwili iliyopita, hakuna ajuaye alikokwenda. Nikamwandika.